Nilivyomsubirisha Mzee Gurmeet na gari lake kwa ajili ya mgeni rasmi

Wakuu, heshima zenu wote, mlio nyumbani na mlio huku kwenye baridi.

Nimesoma nyuzi za wenzangu humu miaka mitatu bila kuchangia hata neno. Leo nashusha wa kwangu. Yamenitokea mimi mwenyewe, hapa Birmingham, mwaka juzi, na mashahidi wapo hai. Sijaongeza chumvi. Chumvi yote ya siku ile iliishia kwenye sambusa.

Kwanza mnijue.

Naitwa Tito, mtoto wa Singida. Shule niliishia form four, na matokeo yangu siyataji kwa heshima ya mwalimu wangu wa hesabu. Mama mdogo Esta, anayemfuata mama yangu kwa kuzaliwa, ndiye aliyenivuta huku. Nikakaa kwake Erdington, chumba kidogo cha juu.

Kazi yangu ilikuwa kubeba. Ofisi ikifungwa tunaitwa sisi, tunabeba meza, makabati, viti na kompyuta, tunakwenda kutupa.

Hapo kwenye kompyuta ndipo ugonjwa wangu ulipoanzia.

Wakuu, siongelei PC za internet cafe. Naongelea workstation. Zamani, PC ya kawaida ilipokuwa bado inahangaika na karata, mainjinia na wachoraji wa magari na ndege walikuwa na mashine zao maalum. Kubwa, nzito, bei ya nyumba. Nyingine zambarau, nyingine rangi ya bahari. Monitor yake peke yake ina uzito wa mbuzi aliyeshiba.

Miaka ikapita, zikawa takataka, na mwenye kuzitupa nikawa mimi.

Siku moja nikashindwa kutupa. Niliikuta moja ina karatasi imebandikwa ubavuni, mtu kaandika kwa mkono kwamba mashine hii Jumatatu huwa nzito kuamka, tafadhali msiipige. Nikasimama nayo mbele ya pipa kubwa la taka kama mtu aliyeambiwa atupe mtoto wa paka. Mikono ilikataa. Nikaenda nayo nyumbani.

Mwaka haujaisha, chumbani zikawa saba. Nikawa nalala ubavu mmoja, wa kugeukia haupo.

Mama mdogo alivumilia, halafu akachoka.

"Tito, wenzako wakija Ulaya wanakusanya vitu vya kupeleka nyumbani. Wewe unakusanya hata vile wazungu wenyewe wamevikataa."

Lakini nilikuwa najifunza, wakuu. Nasoma forum za kizungu, dictionary pembeni. Nafungua, napuliza vumbi, nasugua kwa mswaki na spiriti, nabadilisha vipuri vilivyovimba. Ndani yake kuna betri ndogo inayotunza jina la mashine na tarehe. Betri ikifa, mashine inaamka haijui inaitwa nani na inadhani huu ni mwaka 1970. Inabidi uitajie jina lake herufi kwa herufi, kila unapoiwasha.

Mama mdogo aliniona nafanya hivyo akasema, "Afadhali hiyo. Wewe nikikuamsha asubuhi hujui hata mwaka."

Sasa, Kings Heath kuna chama cha wapenzi wa mashine hizi. Wazee wa kizungu kama ishirini, wanakutana ukumbi wa kanisa. Mwenyekiti wao anaitwa Keith, mstaafu, mpole, sweta lile lile kiangazi na baridi. Mara moja kwa mwaka wana maonyesho. Kila mtu anapewa meza. Unaweka mashine yako, unakaa nyuma yake, unakula sandwich. Mtu anakuja, anatazama dakika tano, anasema "Lovely", anaondoka. Basi. Hayo ndiyo maonyesho yao.

Keith akanipa meza. Mimi! Nilitoka pale natembea kama nimeposa.

Ila nilitaka mashine yenye habari yake. Nikaandika kadi nikaibandika dirishani mwa duka la magazeti pale High Street, kwa kiingereza changu cha kubeba: kompyuta kubwa za zamani, tafadhali usitupe, nitakuja na toroli.

Wiki ya pili simu ikaita.

"Wewe ndiyo kijana ya toroli?"

Kiswahili! Alikuwa ameona jina langu kwenye kadi akabahatisha. Mzee Gurmeet, kalasinga, mzaliwa wa Nakuru, yuko huku tangu ujana. Anakaa Kings Heath na mkewe, Mama Harjit. Nilipofika Mama Harjit alinikaribisha kwa chai ya maziwa na swali kama nimekula, nikajua niko nyumbani.

Garage yao ilikuwa na workstation moja, imefunikwa blanketi la mtoto.

Mzee Gurmeet alikuwa mchoraji kwenye kiwanda cha magari. Miaka mitatu alichora gari moja kwenye mashine ile. Gari dogo la familia, milango minne. Halafu wakubwa wakafuta mradi. Gari halikutengenezwa hata moja. Na baadaye kiwanda chenyewe kikafungwa, yeye akaomba apewe mashine yake, wakampa, maana ilikuwa inakwenda kutupwa.

"Karatasi zote walichoma," akaniambia. "Hiyo gari iko ndani ya hii disk tu. Hakuna mahali ingine duniani."

Nikamuuliza Mama Harjit alilionaje gari hilo.

"Mimi?" akasema. "Mimi nilikuwa naona chakula inapoa. Miaka tatu. Yeye anasema alikuwa anachora gari. Mimi najua gani?"

Mzee akacheka, lakini macho yake yalikwenda kwenye blanketi.

Hapo hapo nikaapa, wakuu. Nitaiamsha, na siku ya maonyesho Mama Harjit ataliona gari.

Kuisafirisha sikwambieni. Mashine ilikwenda na basi namba 11, lile linalozunguka mji mzima, nimeiketisha sehemu ya vigari vya watoto. Kina mama wenye watoto wakapanda wakanitazama vibaya, nikaipakata.

Nyumbani ikagoma. Disk ilikaa miaka mingi bila kuzunguka, ikaganda. Keith akanipa dawa: ipashe moto taratibu, kisha uipige kofi dogo pembeni wakati unawasha. Nikaifunga kwa khanga, nikaiweka kwenye kabati la tanki la maji ya moto, katikati ya mataulo ya mama mdogo. Siku mbili. Mama mdogo akafungua kabati kuchukua taulo akapiga kelele, alidhani nimeficha mtoto.

Siku ya tatu, kofi moja, ikazunguka. Sauti kama mashine ya kusaga mahindi iliyolewa, lakini ilizunguka. Nikampigia Mzee, akanitajia password: jina la mbwa wao wa Nakuru. Ikaingia. Nikaliona faili la gari kwenye orodha. Sikulifungua. Niliona si haki nilione mimi kabla ya mwenyewe na mkewe.

Keith alipopata habari alisema jambo moja tu, akalisema mara tatu. "Copy the disk, Tito. Before anything else, copy the disk."

Ili kukopi nilihitaji disk nyingine ya aina ile na waya wake. Vikafika Alhamisi. Maonyesho Jumamosi.

Wakuu, shikeni hapo. Alhamisi nilikuwa na kila kitu mkononi.

Kwa nini sikukopi? Kwa sababu Alhamisi kulikuwa na kikao.

Mnatujua. Mama mdogo alipotangaza kanisani kwamba mtoto wake anaonyesha kompyuta kwa wazungu, watu hawakusikia maonyesho. Walisikia shughuli. Kufikia Jumapili iliyofuata kamati imeundwa. Mwenyekiti, katibu, mtu wa chakula, mtu wa mapambo. MC akapatikana, Papa Dodo, Mkongomani wa Ladywood, ambaye hata akikusalimia unahisi unakaribishwa jukwaani. Na wakamtafuta mgeni rasmi, kiongozi wa chama kimoja cha diaspora kule Coventry. Mimi nilikuwa nimeomba watu watano waje kunitia moyo.

Nilijaribu kueleza. Nikasema kule watu wanakaa kimya wanakula sandwich.

Mtu wa chakula akaniuliza, "Sandwich ya nini sasa, kuna msiba?"

Kikao kikapitisha ratiba. Saa sita mchana mgeni rasmi anawasili. Saa sita na nusu anabonyeza Enter, gari linatokea, vigelegele. Kabla ya hapo kitu kisiguswe, kwa sababu kilichokwisha kuguswa hakizinduliki. Walisema hivyo, na imo kwenye kumbukumbu za kikao.

Na mimi, niwe mkweli, nililewa. Kwenye ratiba waliandika "Ndugu Tito, Mtaalamu". Mtoto wa matokeo yasiyotajika! Mama mdogo alikuwa akiisoma ile karatasi anaigeuza, anaisoma tena. Nikajiambia nitakopi Jumapili, baada ya uzinduzi. Disk mpya ikabaki ndani ya boksi lake, waya haujafunguliwa hata kifundo.

Jumamosi.

Saa nne asubuhi niko ukumbini. Kofi moja, mashine ikaamka. Keith akaja akasikiliza disk kama daktari, akasema sasa usiizime kabisa mpaka umalize, ikizimwa leo haitaamka tena. Akaniuliza kama nimekopi. Nikajifanya nafunga kamba ya kiatu.

Wazee wa kizungu walikuwa wamekaa kila mtu na meza yake, amani tupu. Mapazia yamefungwa ili screen zionekane vizuri.

Saa tano wakaingia watu wetu. Arobaini na kitu. Vitenge, masufuria, spika, watoto, na mkasi wa utepe kwenye sinia yenye maua. Mama mdogo akaitazama mashine yangu ilivyokaa mezani tupu, akasikitika.

"Ndiyo unaileta mbele za watu hivi, uchi?"

Akafungua mkoba, akatoa vitambaa vyake vya kufuma, vile vya kwenye makochi. Kimoja juu ya mashine, kimoja juu ya monitor, na vesi ya maua ya plastiki katikati. Vikaziba matundu yote ya hewa. Nikavitoa. Akageuka, akavirudisha. Nikavitoa. Akavirudisha akaviweka na pini.

Mzee Gurmeet na Mama Harjit wakafika, wamevaa kama wanakwenda harusini. Wakapewa viti vya mbele kabisa.

Saa sita. Mgeni rasmi hayupo.

Saa saba kasoro. Hayupo. Papa Dodo anajaza muda: "Ba mama na ba papa, mutulie kidogo, mheshimiwa iko njiani!" Amekwisha kumkaribisha Keith kusema machache mara mbili, na Keith kasema "Thank you for coming" mara mbili, mara zote akipigiwa makofi mpaka masikio yakawa mekundu.

Saa saba na robo nikampigia simu mgeni rasmi mwenyewe.

"Nimeshafika makutano ya hapo Spaghetti Junction, kijana," akasema. "Foleni tu."

Nyuma yake nikasikia maji ya kuoga yanamwagika, na mwanamke anauliza shati lipi.

Nikarudi mezani. Disk ilikuwa imebadilisha sauti. Imetoka kusaga mahindi, sasa inasaga mawe. Nikashika mashine, inaunguza.

Mzee Gurmeet alikuwa amesimama. Alikaa na sauti ile miaka mitatu, hakuhitaji kuambiwa.

"Kijana, hii inalia. Fungua sasa."

Mama mdogo akasikia. "Hakuna kufungua. Mgeni rasmi yuko njiani. Mnataka akute nini?"

"Mama, itakufa," Mzee akasema polepole.

"Haiwezi kufa kwa dakika kumi, baba. Imekaa miaka yote hiyo."

Wakanitazama mimi. Wote wawili. Wakuu, mama mdogo yule ndiye aliyenilipia nauli, ndiye aliyenilisha. Ndani ya miaka yote ya kuulizwa kanisani "na yule kijana wako anafanya nini", leo ndiyo ana jibu. Na kule upande wa pili kuna mzee na gari lake.

Nilisimama pale kama dakika tano nzima. Sijivunii dakika zile.

Kilichonitoa ni Mama Harjit. Alitoa miwani kwenye pochi, akaifuta kwa ncha ya mtandio, akaivaa, akaitazama ile screen tupu kama anayengoja zamu yake kwa daktari.

Nikang'oa pini. Nikatupa vitambaa, nikamkabidhi mtoto wa watu vesi, nikabonyeza.

Disk ikalia, ikanyamaza, ikalia. Mstari wa kwanza ukatokea. Halafu wa pili. Upinde wa gurudumu. Bonneti. Mlango wa mbele, mlango wa nyuma, kitasa chake. Mstari kwa mstari, kama mtu anashona. Wazee wa kizungu wakaacha sandwich wakasogea. Gari likakamilika, jembamba, la kijani kwenye weusi, zuri wakuu, zuri kama kitu ambacho hakijawahi kukosewa na mtu.

Na pale pale disk ikatoa mlio mmoja kama kijiko kimeanguka, ikasimama.

Lakini gari likabaki kwenye screen.

Keith akaja mbio, mara ya kwanza kumwona anakimbia. Akaeleza, mimi nikatafsiri: disk imekufa, haitarudi. Gari mnaloliona liko kwenye memory tu. Umeme ukikatika hata sekunde, limekwenda. Na kulihifadhi mahali pengine haiwezekani, maana programu ya kuhifadhi ilikuwa kwenye disk, na disk ndiyo marehemu. Tunaloweza ni kuligeuza na kulitazama.

Watu wakatoa simu kupiga picha. Zikatoka mistari myeusi tu, ndivyo vioo vya zamani vinavyofanya kwenye kamera, gari halionekani.

Mama Harjit akamwambia mumewe, "Chora."

"Na nini?"

Hapo ndipo kamati ilipofaa. Mtu wa chakula akaondoa sambusa kwenye karatasi za kuokea, zile nyepesi zinazopitisha mwanga. Ukiibandika kwenye kioo cha monitor, gari linaonekana kwa nyuma. Kalamu zikateleza kwenye mafuta. Basi mama mdogo, yule yule aliyekuwa amenuna na vitambaa vyake kifuani, akafungua mkoba, akatoa penseli ya wanja.

"Jaribu hii, baba. Hii inashika hata kwenye jasho."

Ikashika.

Mimi nikawa nashika karatasi, Mzee anafuata mistari kwa wanja. Mbele. Ubavu. Kina mama wakapanga foleni kutoa wanja zao, ikiisha moja inakuja nyingine. Mkono wake ulianza polepole, kufika ubavuni ukashika kasi. Mama Harjit kasimama karibu, anauliza hiki nini, hiki nini. "Hapa ndiyo mtoto yetu Harjit angekaa," Mzee anamwonyesha, "hii mlango ya nyuma nilifanya pana, wewe ubebe mtoto bila kuinama." Mama Harjit akashika mdomo.

Katikati ya hayo taa zikapepesa. Roho ikanitoka. Kumbe jikoni wameunganisha jiko la umeme la kupasha pilau na pipa la kuchemshia maji, na fuse ya ukumbi ni ya zamani. Nikatangaza kwa Papa Dodo, Papa Dodo akatangaza kwa wote: chomoeni kila kitu, hakuna chai mpaka gari liishe.

Wakuu, nimeishi na watu wetu. Kuwaambia wakae saa nzima na sambusa bila chai ni kipimo cha mwisho. Walikaa. Mzee mmoja wa kanisani alilalamika, akazomewa na mkewe.

Juu pakaisha. Ikabaki nyuma ya gari.

Tuko nusu ya nyuma, mlango ukafunguliwa. Mgeni rasmi. Suti, tai, manukato yaliyotangulia. Vigelegele. Papa Dodo akapata nguvu mpya: "Mesdames et messieurs, simameni!"

Mheshimiwa akatembea mpaka mezani, akaona mashine inawaka, akakunja uso.

"Sasa hii si imeshawashwa? Nitazindua nini? Izimeni kwanza, niiwashe mimi."

Na mkono wake ukaenda moja kwa moja kwenye kitufe.

Nikasimama mbele yake. Sijawahi kumkatalia mtu mwenye tai.

"Mheshimiwa, hapana."

"Hapana?"

"Humu ndani kuna mtu anamalizia gari lake."

Nikamwona mama mdogo anakuja, nikajua leo nahama Erdington. Akanipita. Akamshika mheshimiwa mkono kwa adabu zote za Singida.

"Baba, uzinduzi wako uko huku. Tumekuandalia."

Akampeleka jikoni. Nia yake ilikuwa akate utepe wa meza ya chakula, basi, apoe. Wakamfungia utepe haraka haraka kwenye pipa la maji ya chai. Kumbe mtu, pilau isipoe, alikuwa amekwisha kulirudisha kwenye umeme pamoja na jiko. Akaukata. Watu wakapiga makofi. Ingeishia hapo.

Lakini Papa Dodo ni MC, na MC hawezi kuona kitufe kikalala. Yeye mwenyewe alikuwa ametangaza chai isiguswe, na yeye mwenyewe, kwa sauti yake nzuri, akasema kwenye spika: "Na sasa mheshimiwa atabonyeza!"

Akabonyeza.

Paa. Taa, spika, meza zote ishirini za wazungu. Giza la mapazia. Kwenye screen yangu kikabaki kidoti kimoja cha kijani, kikafifia, kikaondoka.

Kutoka jikoni tukamsikia mgeni rasmi anapiga makofi. Alidhani ndiyo ratiba yenyewe. Watu wakaanza kupiga makofi pia, kwa mazoea.

Mtu akafungua pazia. Mzee Gurmeet alikuwa bado kainama na wanja mkononi, karatasi imebaki kwenye kioo kitupu, nyuma ya gari imeishia katikati.

Nikaona nisipomwambia pale nitaugua. Nikamwambia yote. Kwamba waya ulifika Alhamisi. Kwamba Keith alinionya mara tatu. Kwamba nilisubiri kwa sababu waliniandika Mtaalamu.

Aliibandua ile karatasi kwenye kioo. Halafu akasema:

"Mimi iliweka hii garage miaka saba, kijana. Disk ilikuwa nzima. Mimi pia ningeweza kufungua. Unajua kwa nini sikufungua? Nilingoja kampuni ipige simu iseme, Gurmeet, lete ile gari."

Mama Harjit akachukua ile karatasi ya nyuma, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Hapa ilikuwa inakwendaje?"

Mzee akaweka wanja, akafikiri, akaondoa. "Sikumbuki. Ile nyuma sikuwahi kuipenda."

"Basi iache," akasema Mama Harjit. "Kwani sisi tunakwenda nyuma?"

Akazikunja zote nne, akazitia kwenye pochi yake, juu ya miwani.

Keith akarudisha fuse. Chai ikachemka, wazee wa kizungu wakala pilau, na mimi nikakaa nyuma ya meza yangu na mashine iliyokufa. Mmoja wao akaja, akaitazama kwa dakika tano, akasema, "Lovely."

Funzo nililopata, na naliandika kwa uchungu: kitu kikishafanya kazi, kifungue siku hiyo hiyo na yule kinayemhusu. Kopi kwanza. Mwenye tai atakuta kopi. Na kitambaa cha kufuma kikae kwenye kochi.

Sasa nawaachia uwanja, wakuu. Nani humu amewahi kuchelewesha kitu cha maana akimngoja mtu wa maana? Mwenye disk za aina hii zinazozunguka bado aseme pia, ila kabla hujanijibu, nenda ukaikopi. Nitakungoja.